Manamba wa Kigoma: wanayosema watu na ilivyokuwa

"Mwalimu, babu zetu walifuata hela tu kwenye mkonge. Buha ardhi haikuwa na kitu." Nafundisha historia Kasulu, huku Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, na kila muhula nayasikia haya, tena kutoka kwa wajukuu wa manamba wenyewe, vibarua wa mashamba ya mkonge enzi za ukoloni. Yananiuma.

Ardhi ipi hiyo isiyo na kitu? Panda Manyovu ukaone kahawa na migomba. Wakoloni ndio waliotaka Kigoma itoe vibarua, mazao ya biashara yalimwe kwingine. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa Tanga na Morogoro. Na njia ya kuifuata ilikuwepo: reli ilikwishafika Kigoma tangu 1914. Mtu anayekimbizana na kodi humwiti mpenda hela.

Ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na Java, nyuzi za huko zikakatika. Waingereza na Wamarekani walihitaji kamba za meli na za kufungia mavuno, macho yote yakageukia mkonge wa Tanganyika, na mashamba hayakuwa na watu wa kutosha. Serikali ikatumia sheria za dharura: idadi ya watu inapangwa bomani, inateremshwa kwa watawala wa jadi, nao wanachagua vijana. Hiari iko wapi hapo?

Na kazi yenyewe ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya kazi. Kadi ina visanduku 30, kimoja kwa kila siku ya kazi, na vyote vijae ndani ya siku 42. Hukumaliza mistari uliyopimiwa? Kisanduku kinabaki wazi, na siku hiyo huna malipo.

Wengine huniletea kadi hiyo wakidhani babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Hapana. Walioandikishwa kwa nguvu mashambani walikuwa raia.

Eti walikwenda wanaume tu? Wengi, ndiyo. Lakini SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944 kuajiri vibarua, ilisafirisha na familia pia, ndiyo maana hadi leo Waha wapo Tanga. Kina mama waliobaki walifyeka, wakalima maharage na mahindi, wakavuna, na watoto mgongoni.

Ukitaka habari za babu yako, muulize bibi jina la shamba, siyo la mkoa, uliandike leo hii. Kipande kikiwepo, kipige picha pande zote mbili, kisha kitoe kwenye sanduku la chini ukiweke mahali pakavu, mbali na mchwa.