Tumbo Tupu Halizuii Kichefuchefu cha Bahari

Anayepanda boti ya Unguja kwenda Pemba kwa mara ya kwanza huambiwa asile kitu, ati mwenye tumbo tupu hatapiki. Si kweli. Kichefuchefu hiki hakianzii tumboni: sikio la ndani linahisi chombo kinayumba, huku macho uliyoyakazia kwenye simu yanauambia ubongo kwamba umetulia. Njaa huzidisha adha, na kutapika bila kitu tumboni kunaumiza mno. Kula kidogo, mkate mkavu au ndizi, uache vya mafuta. Dawa, ukishamuuliza mfamasia, imeze kabla ya safari. Ukingoja mpaka uanze kutapika, nayo utaitapika. Kaa katikati ya chombo, karibu na dirisha, utazame kule bahari inakokutana na mbingu.