Saada na Mkate wa Wishwa: Ushujaa Tusiouhesabu Katika Kisa cha Liyongo

Kila ninapofika kwenye mada ya majagina katika somo la fasihi simulizi, huanza na swali moja: katika kisa cha Fumo Liyongo, ni nani aliyetenda jambo la kishujaa kuliko yote? Darasa zima hunijibu kwa jina moja, tena kwa mshangao, maana kisa chenyewe kinaitwa kwa jina hilo. Jibu langu mimi ni Saada. Naamini namna tunavyokisoma kisa hiki inahusiana sana na namna tunavyowatazama watu tunaoishi nao, ndiyo maana nataka kulieleza jibu hilo kwa kituo.

Kwa asiyekijua kisa: Liyongo ni jagina wa Waswahili wa kaskazini, mtu wa Shaka na Ozi, kule Mto Tana unakomwaga maji yake baharini karibu na Kipini, ambako wenyeji huonyesha mahali wanapoamini ni kaburi lake. Wapo wataalamu wanaomweka karne ya 13, wapo wanaomshusha mpaka karne ya 16 au 17. Sifa zake ziliimbwa ngomani na kutambwa barazani muda mrefu kabla hazijaandikwa. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi yake kwa nathari pamoja na hadithi nyingine alizozikusanya Unguja, na mwaka 1913 Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na fundi wa kuchonga mbao, akaitunga kwa utendi. Huo utendi wa Kijuma ndio ambao wengi wetu tulikutana nao shuleni.

Utendi unaanza kwa kuusifu mwili. Liyongo ni mrefu, mpana, ana haiba, watu hutoka miji mingine kuja kumwangalia. Wagala, kama utendi unavyowaita Waoromo, wanafika Pate kwa biashara, wanasikia habari zake kwa Sultani na kuomba waonyeshwe. Anaitwa kutoka Shaka, anakata kwa muda mfupi mwendo ambao wengine huuchukulia siku kadhaa, anapuliza panda, yaani baragumu za pembe, mpaka zinapasuka. Kisha anautua mkoba wake na kutoa vilivyomo: kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu, mafiga ya jiko. Huwaomba wanafunzi wangu wasipite haraka hapa. Mtu ambaye nguvu zake zinawatetemesha watu anafungua mzigo wake na ndani mna jiko zima. Wagala wanamtamani awe mbegu kwao, wanamwoza binti yao, na anapatikana mtoto wa kiume. Mtoto huyo nitamrudia.

Sultani anaanza kumwogopa, kwa kuwa mtu anayependwa hivi anaweza kuuchukua ufalme. Hapo utendi wetu unaachana na tendi nyingine kubwa za pwani. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, umejaa majeshi, farasi na panga. Kwa Liyongo hakuna hata vita kimoja cha majeshi. Maadui wake hawamwendei uso kwa uso. Wanamwalika kula makoma, matunda ya mkoma, kwa kikoa, kila mmoja akwee mkoma kwa zamu, ili zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu ya mti. Yeye anabaki chini na kuyaangusha makoma kwa mishale yake. Baadaye anaalikwa kwenye ngoma ya gungu, anakamatwa, anatiwa gerezani na kufungwa minyororo. Nguvu zote zile za mwanzo wa utendi zinafika ukomo kwenye pingu. Mtu aliyepasua panda kwa pumzi zake hawezi kujifungua miguu.

Kuanzia hapo kisa kimo mikononi mwa wanawake wawili.

Kila siku mama yake Liyongo hupika na kumtuma kijakazi wake, Saada, apeleke chakula gerezani. Walinzi huzuia chakula kizuri wakakila wao, na mfungwa akapewa makombo. Liyongo anaimba ujumbe kwa mama yake mbele ya walinzi hao hao, nao wanausikia bila kuuelewa: mama aoke mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na katikati ya mkate atie tupa, kile chuma chenye meno cha kukatia vyuma. Mama anauelewa ujumbe, anaoka. Saada anaubeba. Walinzi wanaona wishwa, wanadharau, wanamwambia ampelekee tu bwana wake. Usiku wa kuamkia siku iliyopangwa auawe, Liyongo anaomba ipigwe ngoma ya gungu, anawafundisha watu wimbo kutoka ndani, na vishindo vya matwazi na upatu vinapokuwa vikubwa nje yeye anakata minyororo kwa tupa. Hakuna anayesikia.

Wanafunzi huupenda ujanja wa wimbo, nami naupenda. Liyongo anahesabiwa miongoni mwa washairi wa kale wa Kiswahili, na utendi unamsifia ulimi wake kama unavyosifia upinde wake. Lakini hebu tupime hatari. Liyongo tayari amehukumiwa kufa. Mpango ukishindikana, hali yake haizidi kuwa mbaya. Mama yuko nyumbani, ana jina na ukoo nyuma yake. Saada anasimama langoni mbele ya watu wenye silaha, ameshika mkate wenye chuma ndani, hana ukoo wa kumtetea, na mlinzi mmoja akiamua kuumega tu basi yamekwisha. Inambidi atembee kama anavyotembea kila siku, uso wake uwe ule wa jana. Ni yeye pekee ambaye angeweza kuwaambia walinzi akapata zawadi, na hakufanya hivyo. Ninapotafuta kipimo cha ushujaa huanza hapo: mtu ana nini cha kupoteza, na alikuwa na njia gani ya kukwepa.

Baada ya mkate, Saada anatoweka kwenye kisa. Hatuambiwi kama aliulizwa asubuhi yake, kama aliadhibiwa, kama aliachwa huru. Aliyebeba tupa ya kukatia minyororo ya bwana wake, mwenyewe alibaki kijakazi. Jambo hili hunikera kila ninaposoma, na sioni kwamba ni kosa la Kijuma peke yake. Ndivyo kisa kilivyomfikia, na ndivyo sisi tulivyoendelea kukisimulia.

Sasa yule mtoto. Sultani, aliyeshindwa kwa makoma na kwa gereza, anamghilibu mwana wa Liyongo kwa ahadi za ukubwa. Mwana anamwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumdhuru, na baba, ingawa anahisi kinachokuja, anamwambia: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Visa vya namna hii viko kote duniani. Wagiriki wana Akile na kisigino chake. Waluo wana Lwanda Magere, ambaye mwili wake haukupenywa na mkuki mpaka mke wake wa Kinandi alipotumwa kuchanja kivuli chake kwa dawa, akaona damu inatoka, akaenda kuwaambia watu wa kwao. Wengi husema visa hivi vinafundisha kwamba kila mwenye nguvu ana upungufu wake. Ni kweli, ila mimi naona la maana zaidi ni nani anayeujua upungufu huo. Si adui. Ni mwana, ni mke, ni yule anayeingia chumbani bila kubisha hodi. Tupa na sindano vyote ni vipande vidogo vya madini, na vyote vilimfikia Liyongo kwa mkono wa mtu wa nyumbani. Mkono wa kwanza ulimwokoa na wa pili ukamwua. Panda na mkoba havikuwa na la kufanya katika yote mawili.

Anapochomwa, Liyongo anachukua upinde, anapiga goti karibu na kisima, anautia mshale na kuuvuta, anafia hapo bila kuanguka. Watu wa mji wanadhani yu hai, wanaogopa kwenda kuteka maji. Siku zinapita, kiu inawashika, mpaka mama yake anaombwa aende amwimbie kumtuliza. Anaimba kwa mbali, akidhani mwanawe amekasirika tu, hadi maiti inapoanguka na yeye kujua. Sijui sehemu nyingine katika fasihi yetu inayosema wazi hivi gharama ya kuwa na jagina mjini: maji hayatekwi. Wanaokaa na ndoo tupu ni wale waliokuwa wakimsifu.

Wanyanga wa mashariki ya Kongo nao wamelifikiria jambo hili kwa undani. Katika utendi wao wa Mwindo, uliotambwa na fanani Rureke kwa siku 12 mwaka 1956 na kunukuliwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mtoto anazaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, anamshinda baba yake aliyetaka kumwua, anapata utawala. Kisa kingeweza kuishia hapo. Lakini Mwindo anaua joka ambalo ni ndugu wa kuchanjiana wa Nkuba, bwana wa radi, naye Nkuba anamchukua juu mbinguni mwaka mzima. Huko anapigwa na mvua, baridi na jua kali, na anakatazwa kuua wanyama tena. Anarudi mtulivu na kuwapa watu sheria za kuishi pamoja. Fanani yule alijua kwamba nguvu bila adabu ni hatari kwa kijiji, hivyo hakuliacha jagina lake lipumzike kabla halijafunzwa.

Mwaka ule ule wa 1913, Kijuma akiandika utendi wake Lamu, kusini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo Mekatilili wa Menza alikuwa akiwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu, ngoma ya wanawake ya msibani, na kuwalisha viapo wasitoe vijana wao kuwafanyia Waingereza kazi. Oktoba 1913 alikamatwa, akapelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Januari 1914 walitoroka na kurejea pwani, safari ya kuikatiza nchi nzima. Agosti 1914 serikali ya kikoloni ikalipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Mekatilili anastahili kila sifa anayopewa, na ningependa tusimulie zaidi. Ila ninaposikia habari ya safari ile huwa natega sikio kwa kitu kimoja ambacho sijawahi kukisikia: jina la mtu hata mmoja kati ya waliompa maji, uji au mahali pa kulala njiani. Lazima walikuwepo. Hakuna anayetembea kutoka Kisii hadi Giriama kwa ujasiri peke yake.

Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa. Katika siku chache nchi ilimchagua kijana mmoja awe uso wa tukio lile, akapewa zawadi na ajira, kisha yakaja mabishano ya nani hasa alifungua mlango. Mabishano yale yaliniumiza. Kundi zima lilipiga makasia kuelekea kwenye ndege inayozama, nasi tukatumia nguvu zetu kutafuta mkono mmoja.

Na Desemba 21, 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab waliposimamisha basi katika kaunti ya Mandera na kuwataka Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike ili wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016, na serikali ya Kenya ikamtunukia nishani. Jina lake nalitaja darasani kila mwaka. Wale wanawake waliovua mitandio yao mbele ya bunduki hawamo kwenye orodha ya nishani, na tendo lao ni la Saada kabisa: kitu cha kila siku, kinachopita mbele ya macho ya mwenye silaha, mbebaji akijua fika kitakachompata kikitambuliwa.

Ninapokusanya simulizi siku hizi, mzee akishamaliza kunisimulia habari za jagina wa ukoo wake, namwuliza nani alikuwa akimpikia, nani alibeba ujumbe, nani alimficha mtoto. Nilitarajia wengi waseme hawakumbuki. Kumbe mara nyingi majibu huja papo hapo, yakiwa na jina, jina la baba, na mahali mtu huyo alipozikwa. Na mara nyingi anayejibu si mzee niliyemwuliza, ni mke wake au dada yake aliyekaa pembeni akitusikiliza muda wote. Sasa huwa naomba kuanza kurekodi upya, na kinasasauti nakisogeza upande wake.