"Mwalimu, Hiyo Korti Itamletea Alama?"

Nafundisha fasihi ya Kiswahili katika shule ya upili hapa Kisumu. Siku ya wazazi muhula uliopita, mzee mmoja alinisalimia kwa heshima zote, kisha akaniuliza: "Mwalimu, binti yangu anasema mlikuwa mkicheza korti darasani. Sasa kitabu atakisoma lini?" Alikuwa mzazi wa nne kuniuliza hivyo mwaka huo, na foleni nyuma yake ilikuwa ndefu, kwa hiyo nilimjibu kwa ufupi. Jibu kamili ni hili.

Dhana: Miradi ni michezo, inakula muda wa kujiandaa kwa mtihani

Dhana hii inanichosha kuliko nyingine zote, maana wengi wanaoisema hawajaitazama karatasi yenyewe. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, ina alama 80: maswali manne, kila moja alama 20, kwa saa mbili na nusu. Mtahiniwa hupewa dondoo, yaani maneno machache kutoka kitabuni, aeleze muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa sababu gani. Halafu huja maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi, na hoja isiyo na mfano kutoka kitabuni haina uzito.

Sasa itazame hiyo korti. Tulimshtaki mhusika mmoja wa tamthilia teule kwa kuisaliti jamii yake. Kulikuwa na upande wa mashtaka, upande wa utetezi, mashahidi na mahakimu watatu. Sheria ilikuwa moja tu: kauli haisikizwi bila kutaja ukurasa, anayesema na anayeambiwa. Wakili wa utetezi alipodai kwamba mteja wake alilazimishwa, upande wa pili ulisimama wote: "Ukurasa gani?" Darasa zima likafungua vitabu. Vijana waliokuwa wakitegemea mwongozo, kile kijitabu cha uchambuzi uliokwisha kuandikwa, tangu Januari waligundua kwamba mwongozo unawapa sifa za mhusika, lakini hauwapi maneno aliyoyasema. Ikabidi wasome tamthilia yenyewe, baadhi yao kwa mara ya kwanza. Kama hayo si maandalizi ya dondoo, sijui maandalizi ni yapi.

Kesi ilichukua vipindi vitatu vya dakika 40. Kipindi cha nne kila mmoja aliandika insha ya alama 20, peke yake, bila kitabu. Mtihani sijauacha, na sina nia ya kuuacha. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nikisahihisha insha za darasa zima zenye hoja zilezile tano, kwa mpangilio uleule, zimenakiliwa mwongozoni. Safari hii nilisoma insha zinazopingana, kila moja na ushahidi wake.

Fasihi simulizi ndiyo inayoniumiza zaidi. Utafiti nyanjani umo katika silabasi, nasi tunaufundisha ubaoni: umuhimu wa mahojiano, changamoto za mtafiti, kariri, songa mbele. Likizo ya Agosti niliwatuma wanafunzi wangu wamrekodi fanani, yaani msimulizi wa hadithi, mmoja kila mtu. Wawili walirudi na kisa cha Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay: ajuza mgeni anafukuzwa kwenye karamu, mama mmoja anamkaribisha, usiku kijiji kinazama. Masimulizi yao hayakulingana. Katika moja ajuza aliomba chakula, katika jingine aliomba moto ajipashe. Wakabishana ni lipi la kweli, nami nikawaacha wabishane mpaka wakafika wenyewe kwamba simulizi hubadilika kulingana na fanani, hadhira na mahali. Mwingine alieleza jinsi nyanya yake alivyonyamaza ghafla simu ilipoanza kurekodi. Mwingine alishindwa kuutafsiri wimbo wa Dholuo uliokuwa katikati ya hadithi bila kuua mahadhi yake. Changamoto za utafiti hizo, na hakuna hata mmoja atakayezisahau akiketi kwenye mtihani.

Nakiri kwamba iko miradi isiyofaa. Kuchora jalada jipya la riwaya na kulipaka rangi, au kujenga nyumba ya mhusika kwa maboksi, ni kazi ya mikono. Kipimo changu ni kimoja: kama mwanafunzi anaweza kuumaliza mradi bila kufungua kitabu, huo si mradi wa fasihi. Walimu wenzangu, tuuache.

Dhana: Mradi unampa mzazi gharama

Wazazi wamechoka kutumwa manila na rangi, na wana haki. Lakini korti inahitaji viti. Shajara ya mhusika inahitaji daftari lililopo tayari. Nyanya hatozi ada. Mwalimu anayetuma watoto kwenye duka la kuchapisha ajiulize kile kinachochapishwa kinapima nini.

Dhana: Mradi hauwezi kusahihishwa kwa haki

Andika vigezo kabla ya kazi kuanza, uvibandike ukutani: ushahidi wa matini, uelewa wa mhusika, lugha. Walimu wa mtaala wa umilisi wanatumia viwango vinne, kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali nayo. Hata sisi wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 tunaweza. Na katika kazi ya kikundi, kila mmoja aandike ukurasa wake mwenyewe. Yule aliyebebwa na wenzake ataonekana hapo hapo.

Dhana: Mwanafunzi mkimya ataumia

Ataumia ukimlazimisha awe wakili. Korti ina karani pia. Katika kesi yetu, msichana ambaye sijawahi kumwona akiinua mkono aliomba ukarani. Aliandika kila kauli, kila ukurasa uliotajwa, kila pingamizi. Daftari lake limeshanakiliwa na nusu ya darasa, nao wanalitumia kudurusu.