Kipokezi cha homoni ya mfadhaiko, na panya anayenyonyesha

Sogeza gunia ghalani Marikiti ukakuta kiota cha panya chenye vichanga, ukirudi kesho huenda mama kawahama, au kawala. Watu husema panya hana imani. Kuelewa kinachotokea kichwani mwake, anza na kipokezi.

Kipokezi ni protini inayopokea homoni na kuipa seli taarifa. Homoni huweza kupita kila mahali. Seli isiyo na kipokezi chake haina habari nayo. Hapa tunaongelea homoni ya mfadhaiko iitwayo CRF, mnyororo wa asidi amino 41, iliyotambuliwa na mtafiti Wylie Vale na wenzake mwaka 1981 kutoka ubongo wa kondoo. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuisukuma tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe homoni nyingine, ACTH, nayo iamshe tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Tezi hizo nazo hutoa homoni: kwa panya kotikosteroni, kwa binadamu zaidi kotisoli. Lakini CRF hiyo hiyo hushika vipokezi ndani ya ubongo wenyewe, na hapo ndipo penye utamu. Viko vya aina mbili. Cha aina ya 1 huishika CRF kwa nguvu. Cha aina ya 2 hupendelea jamaa zake waitwao urokotini.

Panya anayenyonyesha huwa mtulivu kuliko kawaida, na mfumo wake wa mfadhaiko hupoa. Watafiti wakimdunga CRF katika eneo dogo la ubongo liitwalo kwa kifupi BNST, humpunguzia ule unyonyeshaji wa kukunja mgongo kama upinde, vichanga wakiwa chini ya tumbo. CRF ikiingizwa ubongoni, ukali wa kumfukuza mgeni anayesogelea kiota nao hupungua. Yaani si kwamba mfadhaiko humfanya mama awe mkali zaidi, kama wengi tudhanivyo. Humtoa kwenye umama wote, ulinzi pamoja na malezi. (Mjini kwetu mzazi hukaa arubaini akitunzwa, lakini majaribio ya panya hayathibitishi arubaini wala hayaikanushi.)

Kipimo rahisi cha umama ni kuwatawanya vichanga ndani ya kizimba, kisha kuhesabu sekunde mpaka mama amrudishe wa kwanza kiotani, halafu wa mwisho. Makosa huanzia hapo hapo. Aliyekamatwa kwa pupa, au aliyebadilishiwa chumba asubuhi hiyo, CRF yake imeshapanda kabla ya sindano, kwa hiyo unapima mkono wako badala ya dawa. Mwache azoee kwanza, na umtazame mchana, maana panya hukesha usiku na hunyonyesha zaidi wakati wa mwanga. Pima pia mwendo wake wa kawaida: mama aliyelegea kwa dawa hawarudishi watoto, na hilo halikuambii chochote kuhusu umama. Mwisho hukatwa vipande vyembamba vya ubongo ili kuona ncha ya sindano ilifika wapi. Iliyokosea BNST hata kwa milimita moja, matokeo yake huondolewa kwenye hesabu.