Jinsia "hutendwa": maana yake nini?

Mwambie mtu kwamba jinsia ni utendaji, atacheka kwanza, kisha aulize: "Kwa hiyo mimi nikitembea kiume naigiza?" Simlaumu. Wengi wetu tulilipokea wazo hili likiwa limefasiriwa kwa neno kuigiza, na kuigiza kwa Kiswahili kuna harufu ya uongo. Huyu analia kweli au anaigiza? Neno linalofaa ni kutenda, na kila aliyesoma fasihi simulizi sekondari analijua: fanani huitenda ngano mbele ya hadhira. Ngano isiyotendwa imelala tu kitabuni.

Chanzo cha mjadala ni mwanafalsafa Mwingereza, J. L. Austin, aliyetoa mihadhara Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1955. Ilichapishwa mwaka 1962, mwenyewe ameshafariki. Austin aligundua kwamba yapo maneno ambayo hayaelezi jambo, yanalifanya. Tutazame harusi ya Kiislamu. Bwana harusi ameshikwa mkono, mashahidi wametega masikio, naye anasema: "Nimekubali kumwoa." Kabla ya hapo alikuwa mchumba, sasa ni mume. Hakutoa taarifa ya ndoa, ameoa.

Sasa mpandishe kijana huyohuyo jukwaani, atamke maneno yaleyale ndani ya tamthilia. Hakuna aliyeolewa. Austin aliziweka kando kauli za jukwaani kwa sababu hiyo, na hapo ndipo watafiti wa sanaa za maonyesho walipomshika. Je, ile ndoa ya kweli haina mavazi yake, maneno ya kufundishwa, watazamaji? Nani hajaona bwana harusi akitetemeka asije akakosea mstari wake?

Mwaka 1988 Judith Butler, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika makala katika jarida la taaluma ya tamthilia, akapanua hoja yake kitabuni mwaka 1990. Alisema, kwa ufupi, kwamba uanamke na uanaume vinafanana na lile "nimekubali", ila havitamkwi mara moja vikaisha. Hurudiwa kutwa kucha, katika mwendo, sauti, namna ya kukaa na kucheka, hadi vionekane ni maumbile.

Mfano ulio karibu nasi ni kanga. Mtazame binti anayejifunza kuivaa: fundo linalegea, upindo unaburuta, anaishika kwa mkono mmoja huku akibeba ndoo kwa mwingine. Bibi yake anapita, anaikaza bila hata kuangalia. Miaka kumi baadaye vidole vya yule binti vinafunga vyenyewe gizani, na mtu akimwona atasema, "Mwanamke kaumbwa na kanga." Kumbe kaifunga mara elfu kadhaa. Hakuna uongo wowote hapo. Yeye ni mwanamke kweli, na namna yake ya kuwa mwanamke ameijenga kwa mikono yake.

Wengine huruka wakadhani basi kila mtu hujichagulia jinsia asubuhi kama anayechagua shati. Butler alilikana hilo waziwazi. Mchezo umeanza kabla hujazaliwa, na anayekosea huadhibiwa kwa kicheko, kwa matusi, wakati mwingine kwa kipigo. Historia ya Unguja inaonyesha uzito wake. Wanawake watumwa walivaa kaniki na hawakuruhusiwa kujifunika kichwa kama waungwana. Baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria mwaka 1897, wengi wao waliingia kwenye kanga, na baadaye buibui. Wangesema "mimi si mtumwa tena" nani angesikiliza? Walilivaa jambo lenyewe, siku baada ya siku, mpaka mji ukazoea.

Halafu kuna Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na unyago wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013. Msondo, ile ngoma ndefu ya unyago, aliifunga kiunoni akaipiga amesimama, ngoma ikiwa katikati ya miguu. Alivuta sigara hadharani. Mwanamke huyohuyo ndiye aliyewafunda wari namna ya kuwa wanawake! Mimi naona ndiye mwalimu bora wa dhana hii kuliko vitabu vingi: aliyajua masharti kwa undani hata akajua yanapopindika.

Nchini Tanzania jina lisilokwepeka katika taaluma ya sanaa za maonyesho ni Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia na profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utafiti wake ulimtoa ofisini akakaa vijijini, ambako wanakijiji wenyewe walichambua matatizo yao kisha wakayatenda kwa ngoma na maigizo. Mwaka 1996 yeye na Amandina Lihamba walianzisha Tuseme, mradi wa wasichana wa sekondari. Tuseme husifiwa kwa ujumbe wake, lakini nadhani nguvu yake iko mwilini zaidi. Msichana aliyelelewa kuongea kwa sauti ya chini, macho sakafuni, anasimama mbele ya walimu na wenzake na kutaja kinachomsumbua. Akilirudia hilo wiki baada ya wiki, shingo nayo inajifunza.

Wapo wanaoipinga nadharia hii, na hoja zao zina uzito. Mnigeria Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí aliandika mwaka 1997 kwamba Wayoruba wa kale walipangana kwa umri kuliko kwa jinsia, kwa hiyo si kila jamii ipimwe kwa kipimo cha Ulaya. Hata sisi, shikamoo haiulizi kama unayemwamkia ni mwanamume au mwanamke. Inauliza nani kamtangulia mwenzake duniani. Na "yeye" wetu hasemi lolote kuhusu jinsia.

Mtafiti wa fani hii akialikwa kwenye taarabu hakai kusikiliza mashairi tu. Anamtazama mama aliyevaa dhahabu akiinuka taratibu, noti juu ya vidole, akicheza kuelekea jukwaani kutunza. Anaandika ni ubeti gani uliomwinua, kapita mbele ya meza ya nani, na yule wa meza ile aliangalia wapi.