Je, wajua kwa nini kiti cha kromu huota kutu hata mahali mvua isipoingia?

Kwa kinyozi wangu pale Malindi, mjini Unguja, si mbali na bandari, kuna kiti ambacho wateja hukingojea hata vingine vikiwa vitupu. Ni cha zamani, cha bomba la chuma lililopindwa likawa mikono na miguu kwa mpigo mmoja, na kikalio cha reksini nyekundu. Kilikaa stoo miaka mingi. Mwenyewe alipoamua kukifufua, fremu ilivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, ikapigwa upya kromu, ile metali ya kung'arisha inayopakwa juu ya chuma, ikarudi inang'aa kiasi cha mtu kujitazama ndevu kwenye mkono wa kiti. Mwaka haukwisha, vikatokea vitone vya kahawia.

Nilikuwa na jibu tayari: kapigwa. Kromu ya kweli haishiki kutu, hii imeshika, basi si kromu. Nililitamka hilo nikiwa nimenyolewa upande mmoja tu, na aliyebaki na wembe mkononi alikuwa yeye.

Ilinichukua muda kuona kwamba nusu ya kwanza ya hoja yangu ilikuwa sahihi na ndiyo iliyonipoteza. Kweli kromu haioti kutu. Kutu ni maradhi ya chuma peke yake, na ule ukahawia haukuwa wa kromu bali wa chuma kilicho chini yake, umechungulia kupitia kitundu ambacho jicho halikioni. Kwa hiyo kutu juu ya kromu si ushahidi wa kromu bandia. Mimi niliidhania kromu ni kama plasta ya ukuta, kitu chenye unene. Tabaka la kromu la mapambo kwa kawaida halifiki hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Mara nyingi ni robo hadi nusu ya mikroni. Unywele mmoja unaodondoka chini ya kiti hicho, wenye mikroni sabini hivi, ni mnene kulishinda mara mia na zaidi. Kinachobeba kazi ya kukinga ni metali nyingine, nikeli, iliyo chini ya kromu, mikroni kumi hadi thelathini au zaidi, na pengine shaba chini yake tena. Kromu imewekwa juu ili nikeli isififie na isikwaruzike ovyo. Tunamsifu mpaka rangi, mjenzi hatumtaji.

Viti vya namna hii asili yake ni Ujerumani. Mbunifu Marcel Breuer, akiwa skuli ya usanifu ya Bauhaus mjini Dessau, alitengeneza kiti cha bomba la chuma mnamo 1925 na 1926, wazo akilitoa kwenye usukani wa baiskeli. Vya mwanzo vilipigwa nikeli. Kromu ilikuja baadaye kidogo. Kutoka hapo bomba likaingia maofisini, hospitalini na saluni.

Sasa turudi kwenye kitundu, maana hapo ndipo pana ajabu. Chuma kinaposhika kutu huachia elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme, na lazima pawe na wa kuzipokea. Wapokeaji ni oksijeni na maji yaliyotanda juu ya kiti. Nikeli na kromu ni bahili wa elektroni kuliko chuma, kwa hiyo zote mbili huzidai kwake. Fikiria mtaa mzima una ndoo, na kisima ni kimoja. Kila nyumba inachota humo. Mtaa ni ule uso mpana unaong'aa. Kisima ni kile kitone cha chuma kilicho wazi. Kadiri mtaa ulivyo mkubwa na kisima kilivyo kidogo, ndivyo kinavyochimbika haraka. Ndiyo maana kromu iliyotoboka haili chuma kwa upana, hukila kwenda chini. Kutu inayozaliwa humo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo huinua tabaka la juu, ukaona malengelenge. Mabati ya paa ni kinyume: zinki ndiyo inayojitoa kwanza, chuma kikabaki salama hata bati likikwaruzwa.

Tangu miaka ya 1960 watengenezaji wa bampa za magari walikuja na dawa inayochekesha: kuitia kromu matundu madogo mno kwa makusudi, maelfu kwa maelfu. Visima vikiwa vingi, hakuna kinachokaushwa. Ulaji unatawanyika juu ya nikeli, na chuma kinachelewa kufikiwa. Kama kiti cha Malindi kilipigwa kromu ya aina hiyo au la, macho hayawezi kutofautisha, kwa hiyo hapo sitoi hukumu tena.

Na maji yanatoka wapi ndani ya duka? Hewani. Upepo wa bahari huleta chembe za chumvi, na chumvi ya kawaida hunyonya unyevu hadi kuyeyuka unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75, jambo la kawaida kwetu, hasa usiku. Tazama tu kikopo cha chumvi jikoni, kile tunachotilia punje za mchele. Chumvi ya bahari ina pia magnesi, na hiyo hulowa kwenye unyevu mdogo zaidi. Halafu kuna hili nililolikataa kwanza: mvua ingesaidia. Huosha chumvi. Kitu kilichofichwa chini ya paa karibu na pwani hulimbikiza chumvi yake, na kinaweza kuliwa haraka kuliko kilichoachwa kinyeshewe.

Basi kinachofaa ni kitambaa chenye maji matamu kila baada ya siku chache, kukausha, kisha nta au mafuta ya cherehani. Vitone vilivyokwishatoka vifutwe kwa foili ya jikoni iliyoloweshwa, maana alumini ni laini kuliko kromu. Brashi ya chuma ni kuongeza visima.

Wiki iliyopita tulikipindua kiti. Mikono, inayofutwa kila jioni, ilikuwa na vitone vitatu. Mvunguni, kwenye makunjo ya ndani ya bomba ambako umeme unaonatisha kromu wakati fremu imechovywa hufika kwa shida na kitambaa hakifiki kabisa, palikuwa pekundu kama udongo wa shamba.