Chanjo ya homa ya matumbo (taifodi): yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

"Sisi huchemsha maji, chanjo ya nini?"

Endelea kuyachemsha. Lakini mtoto wa Nairobi hanywi maji ya kwao peke yake. Huko kwenye mitaa ya mabanda ya Mukuru na Mathare, mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro ya maji taka. Siku za mgao wa maji, bomba lenye ufa hufyonza uchafu huo. Kisha akitoka shule ananunua soseji ya smoki iliyopasuliwa na kujazwa kachumbari, nyanya na vitunguu vibichi vilivyooshwa kwa maji usiyoyajua. Bakteria wa taifodi hutoka kwenye kinyesi cha mtu, na wapo watu wanaowabeba kwenye nyongo kwa miaka bila hata kuumwa kichwa.

"Wangu alishaugua taifodi, ana kinga."

Je, ilikuwa taifodi kweli? Hapa ndipo tunapopotezwa sana. Mtoto akipata homa, anatolewa damu kidogo, na muda si mrefu mama anaambiwa, "Ana taifodi." Mara nyingi kipimo hicho ni cha Widal. Hakimtafuti bakteria mwenyewe; kinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda kupambana na maradhi, na ambazo huenda ni za ugonjwa mwingine au wa zamani. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu maabarani, na majibu huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo watoto wengi humeza antibiotiki wasizozihitaji, nao bakteria wanazidi kuwa sugu. Na hata aliyeugua kweli anaweza kuugua tena. Achanjwe.

"Huo ni ugonjwa wa watu wazima."

Sivyo. Uchunguzi uliofanywa Kibera ulionyesha kwamba watoto ndio wanaoumia zaidi, hasa wa miaka 5 hadi 9.

"Wanawajaribia watoto wetu."

Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hii mwaka 2018, na Pakistani ikaiingiza kwenye chanjo zake za kitaifa 2019. Nchini Malawi chanjo ilifuatiliwa kwa watoto wapatao 28,000 wa Blantyre, na baada ya miaka minne bado ilikuwa ikizuia karibu visa 8 katika kila 10. Kwetu Kenya kampeni ilikuja Julai 2025, kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14.

"Italeta utasa, au taifodi yenyewe."

Haina bakteria hai. Ni sukari ya ganda la bakteria iliyounganishwa na protini, na hakuna kilichomo kinachogusa uzazi. Mtoto anaweza kupata homa kidogo au uvimbe palipodungwa, hupita.

Sindano ni moja tu. Mwenye mtoto wa miezi 9 aende na kijitabu cha kliniki, aiulizie siku ileile ya chanjo ya surua.